Mgeni wa Karibu

Mkenya wa magharibi akisema anaenda kupumzika, mara nyingi huelekea mashariki: Naivasha kwenye ziwa, au Mombasa na Diani kwa mwenye mfuko mzito zaidi. Akielekea magharibi anaenda nyumbani, na nyumbani hakupumzikwi. Nyumbani kuna mkutano wa matanga, kuna shangazi anayetaka kujua kwa nini simu yake haikupokelewa, kuna karo ya mtoto wa binamu na ua ulioanguka tangu mvua za Aprili. Hakuna ubaya katika hayo, ndiyo maana ya kuwa na watu. Ila anayerudi mjini Jumapili usiku baada ya siku mbili za namna hiyo hajapumzika, amebadilisha kazi tu. Hoja ya sura hii ni kwamba iko njia ya tatu ambayo wengi hawaihesabu: kwenda kupumzika katika mji wa kazi ulio jirani na kwenu, lakini usio wenu. Kwa anayejali tumbo lake, naamini njia hiyo inaushinda ufuo. Mfano wangu ni Kitale na Bungoma, miji miwili inayotenganishwa na kilomita karibu 80 za barabara, ambayo kila mmoja ungeweza kuwa bustani ya mapumziko ya mwenzake kama watu wake wangefikiria hivyo.

Mapumziko mema yana masharti mawili ambayo ni nadra kukutana mahali pamoja. La kwanza ni kutojulikana. Mtu hutulia pale ambapo hakuna anayemdai salamu, mchango wala maelezo, pale ambapo akikaa kwenye kiti saa nzima bila kusema neno hakuna atakayedhani ni mgonjwa. La pili ni kula vizuri, na hapa watu hukosea kwa kudhani kwamba chakula kizuri ni suala la mpishi hodari peke yake. Mpishi hodari asiye na shamba karibu na asiye na mteja wa kesho hupika ovyo baada ya muda. Hoteli ya ufuoni hupokea mgeni anayekula mara tatu na kuondoka asionekane tena. Akipewa samaki aliyelala siku mbili, malalamiko yake yatasafiri naye. Hoteli ya mji wa kazi humlisha karani, dereva wa matatu, mwalimu na muuza mbegu wale wale kila siku, saa saba mchana, kwa pesa wanazozihesabu. Siku mchuzi ukiwa maji, siku ya pili viti vitakuwa vitupu. Kwa hiyo mji wa watalii hutimiza sharti la kwanza na kulegea katika la pili. Nyumbani hutimiza la pili kwa wingi hadi mtu ashindwe kuinuka, lakini la kwanza haliwezekani hata kidogo. Mji jirani hutimiza yote mawili.

Kitale si mji mdogo kwa hesabu. Sensa ya 2019 iliupa zaidi ya wakazi 160,000, na mtu akiufikia saa kumi na moja jioni, boda boda zikiwa zimeziba kila mlango wa kituo, hatauita kijiji. Udogo wake uko katika tabia: ni mji ambao bado unaishi kwa kufuata shamba. Walowezi waliuanzisha mapema katika karne iliyopita, reli ikafika 1926 kwa tawi lililotoka Eldoret, na tangu hapo mahindi ndiyo yaliyoamua mambo. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa 1956, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, na utafiti uliofanywa Kitale ukaleta mahindi chotara ya H611, yaliyoanza kutolewa kwa wakulima 1964. Kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, mahindi ya huko hukaa shambani miezi sita hadi minane, na mkulima hupanda mara moja tu kwa mwaka. Baada ya uhuru mashamba makubwa yaligawanywa na kununuliwa na watu wa kila upande: Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wakikuyu, Wakisii, Wapokot, Waturkana. Historia hiyo ina machungu yake, na ugomvi wa ardhi wa Trans Nzoia haujaisha. Mezani, hata hivyo, imeacha kitu ambacho miji ya kabila moja haina. Katika barabara moja ya Kitale mtu hupata mukimo, mursik, kuku kwa ugali, na mbuzi wa kuchoma aliyeshuka kutoka kaskazini. Na kila chakula kina wenyewe wanaojua kinavyopaswa kuwa.

Tazama mursik. Maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe, kisha yakamiminwa katika kibuyu ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa mkaa wa mti ambao Wakalenjin huuita senetwet. Mkaa huo huacha madoa ya kijivu katika maziwa na ladha ya moshi iliyo mbali, si ya kuungua, na huyasaidia yasiharibike upesi. Kaskazini kidogo, West Pokot, wafugaji hutengeneza ndugu yake, maziwa ya mgando yaliyochanganywa na majivu, ambayo shirika la Slow Food liliyaingiza katika miradi yake ya kuhifadhi vyakula vya asili. Anayeuza mursik Kitale hawezi kumwaga maziwa ya mgando ya dukani ndani ya kibuyu na kuyapa jina hilo. Wateja wake wengi wamenyweshwa mursik halisi tangu utotoni, watamfukuza kwa maneno kabla ya gilasi ya pili. Hii ndiyo polisi ya chakula ninayoiamini, na haina ofisi wala muhuri.

Mji wa kazi pia umezoea kulaza watu wasiofahamika. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano ilipoendeshwa Kapenguria, kuanzia mwishoni mwa 1952 hadi Aprili 1953, kituo hicho hakikuwa na hoteli ya kuwapokea mawakili; walilala Kitale, wakawa wanaenda mahakamani na kurudi kila siku. Tangu wakati huo njia ya kwenda Lodwar imepitisha madereva wa malori, wauza samaki wakavu wa Ziwa Turkana, wafanyakazi wa mashirika ya misaada na watumishi wa serikali waliohamishwa bila kupenda. Lojing'i za mji huo haziulizi mtu ni wa ukoo gani. Mwenyeji wa Kimilili au Webuye anayepanda matatu Ijumaa mchana akalala huko atakuwa mmoja tu wa wapita njia, na hilo ndilo analolipia.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza hujitokeza, na ndilo husemwa kwa sauti kubwa zaidi: Kitale hakuna cha kuona, na Bungoma ndiyo kabisa. Kwa Kitale si kweli. Kanali Hugh Stoneham alianzisha jumba lake la makumbusho katika miaka ya 1920, akalijaza wadudu, ndege na vitabu. Alipofariki 1966 mali hiyo iliachiwa taifa, na 1974 jumba jipya likafunguliwa, la kwanza la taifa katika bara nje ya Nairobi. Nyuma yake kuna msitu wa asili wenye njia ya kutembea, ambapo mtu husahau kwamba barabara kuu iko karibu. Mwaka huo huo wa 1974 bwawa la Saiwa, upande wa barabara ya Kapenguria, lilitangazwa kuwa hifadhi. Hakuna hifadhi ya taifa nchini iliyo ndogo kuliko hiyo, kilomita tatu za mraba hivi, na magari hayaingii. Mtu hutembea juu ya mbao zilizotandikwa kwenye tope, hupanda jukwaa la mbao, hukaa. Akiwa na subira atamwona nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame, ambaye akitishika huzama majini akabakiza pua. Asipokuwa na subira hataona chochote, na mimi sioni hasara. Anayekwenda Maasai Mara hukimbizwa na gari kutoka kwa simba hadi kwa duma, akarudi na picha mia tatu na mgongo unaouma. Saiwa hakuna pa kukimbilia. Mlima Elgon nao uko pale, hifadhi tangu 1968, na mapango ambamo tembo huingia gizani kukwangua chumvi ukutani; lakini huo ni mradi wa siku nzima na viatu vizuri, na sura hii inahusu watu waliochoka.

Kwa Bungoma nakubali nusu ya pingamizi. Kuna maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia karibu na Webuye, kuna kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza 1895 wakauawa wengi nyuma ya ngome yao ya udongo, na kuna miamba ya Sang'alo. Mtu huvimaliza kwa siku moja. Baada ya hapo hubaki mji wenyewe, ulio chini ya Kitale kwa karibu mita 500 na kwa hiyo wenye joto zaidi, reli ya kwenda Uganda ikipita kati yake, na mchana mrefu usio na ratiba. Wanaotaka kuonyeshwa vitu watakereka. Ila swali ni kama kuonyeshwa vitu ndiko kupumzika, au ni kazi nyingine iliyovaa fulana ya rangi. Bungoma mtu huenda kula.

Na kula kwenyewe ni kuku. Kuku wa kienyeji anayepikwa vizuri huko hafuati haraka ya mteja. Akishanyonyolewa hupitishwa juu ya moto hadi vinyoya vya mwisho viungue na ngozi ianze kunukia. Kisha hukatwa, huchemshwa polepole kwa maji na chumvi mpaka nyama ikubali kuachana na mfupa, ndipo hukaangwa na kitunguu na nyanya. Supu huletwa kwenye bakuli lake, ugali wa wimbi kwenye sahani yake, mweusi na mzito. Kwa hiyo anayeingia hotelini saa saba na kutaka kuku baada ya dakika kumi na tano ataletewa broila, na amejitakia. Anayejua hupita asubuhi, huagiza, huenda kutembea sokoni, hurudi. Kwa mapokeo ya Waluhya firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku kamwe. Mwiko huo umefifia, lakini katika nyumba nyingi ugawaji wa kuku bado ni siasa: nani apewe paja, nani aridhike na shingo, mgeni yupi akinyimwa firigisi atahesabu ametukanwa. Hotelini siasa hiyo haipo. Mwanamke aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo huagiza firigisi mbili, hulipa, hula. Raha ya kuwa mgeni wa karibu iko hapo hapo: chakula ni kile kile alichokulia, mahakama ya chakula haipo.

Kando ya kuku huja mboga, na kwangu mboga ndizo kipimo halisi cha hoteli ya Bungoma. Mrenda, au murere kama wenyeji wanavyouita, haupikwi kwa chumvi ya dukani peke yake. Majivu ya mabua ya maharagwe yaliyokauka huwekwa katika chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu, yakachuja tone kwa tone yakiwa ya rangi ya chai hafifu. Maji hayo ndiyo yanayolainisha jani na kuupa mrenda ule mvuto wake. Siku hizi wengine hutumia magadi, na ulimi mzoefu hutambua. Mrenda huchanganywa na kunde ili usiteleze kupita kiasi. Saga ni chungu, hivyo hutiwa maziwa na kurudiwa motoni siku ya pili, hata ya tatu. Mboga hizi zilidharauliwa muda mrefu kuwa chakula cha maskini, mtoto akaona haya kuzitaja shuleni. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa, walifanya kazi ya kuziorodhesha na kuzirudishia heshima. Orodha ya mimea ya asili inayoliwa ikafika karibu 850, na 2021 UNESCO ikaitambua juhudi hiyo ya Kenya kuwa mfano bora wa kulinda urithi. Napenda kwamba heshima imerudi. Hata hivyo katika vibanda vya Bungoma na Chwele mboga hizo hazikuwahi kuondoka, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudisha.

Mtu anayeijua miji hii atapinga hapo: hoteli nyingi leo zinauza chipsi, soseji na kuku wa broila, na samaki mezani huenda aligandishwa China. Ni kweli, na jioni ni kweli zaidi. Lakini jibu liko katika saa na mahali. Chakula cha mji wa kazi ni chakula cha mchana, kwa sababu mchana ndipo mji unapokula nje. Usiku wenyeji wako kwao, na jiko linabakia kulisha wapita njia na vijana wenye haraka. Kula mchana, karibu na soko au kituo cha matatu, pale ambapo wakubwa kwa wadogo wamebanana kwenye benchi moja, na umemaliza nusu ya uchunguzi. Nusu ya pili ni kuuliza, na kuuliza ni jambo ambalo mgeni wa mbali haliwezi. "Mama, huyu kuku ni wa kienyeji kweli au ni ile ya kuboreshwa?" Mtalii kutoka Ulaya hawezi kuuliza hivyo, na hata akiuliza hawezi kupima jibu. Jirani anaweza. Anayajua mambo kama mwenyeji, lakini hana deni la mwenyeji, na mpishi aliyekutana na mteja wa aina hiyo huona ni nafuu kusema ukweli.

Hii pia ndiyo sababu siogopi pingamizi kwamba miji hii ikisifiwa itaharibika. Miji huharibiwa na wageni wasiojua wanachokula, kwa kuwa mpishi hujifunza haraka kwamba lolote litapita. Italia ilipitisha sheria mwaka 1985 ya kuwawezesha wakulima kulaza wageni na kuwapikia, na msingi wake ni kwamba kilicho mezani kitoke shambani. Ni sheria nzuri katika nchi ambayo duka kubwa liko karibu kuliko shamba. Kitale na Bungoma hazijafika huko. Sukumawiki ya jirani bado ni rahisi kuliko ya mbali, na anayepeleka kuku soko la Chwele ameshuka nao kutoka vijiji vya chini ya Mlima Elgon asubuhi ile ile. Bei ndiyo inayofunga chakula na mahali pake, na itaendelea kuvifunga mradi wateja wengi wawe watu wa huko.

Yapo mapingamizi mazito zaidi. Bei hiyo nafuu ya chakula ni mkulima aliyelipwa kidogo, na anayesifu sahani ya shilingi chache anasifu pia ufukara wa mtu. Sina jibu la kulifuta hilo. Naweza tu kusema kwamba pesa za kibandani hupita mikono michache kabla ya kufika shambani, na kwamba anayeombwa bei ya haki ya kuku aliyelelewa miezi mingi aache kupatana. Nisidai zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa 2009 mji mzima ulipoteza mshahara, na Nzoia Sugar imeyumba miaka na miaka. Wageni wa wikendi hawafidii kiwanda. Vilevile vita vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008 viliwaua na kuwafukuza wengi, na hofu iliyobaki kwa watu wa mbali ilidumu kuliko risasi zenyewe. Kwa mkazi wa Nairobi, ambaye yuko karibu kilomita 400 kutoka hapa, hata umbali peke yake ni pingamizi la haki: siku mbili barabarani kwa siku mbili za kula ni hesabu mbaya. Nampa ushauri ule ule kwa jina lingine. Atafute mji wa kazi ulio karibu naye na usio wake, na Machakos ina mengi ya kumfundisha.

Kwa wenyeji wa pande hizi mbili kilichobaki ni kalenda. Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili Bungoma imetulia. Ya mwaka unaogawanyika ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na njia hujaa vijana wanaopiga njuga, jamaa wanaoalikwa na busaa ya kila boma. Anayetaka utulivu mwezi huo apande Kitale, ambako mahindi mabichi ndiyo yanaanza kuchomwa kando ya barabara na baridi ya jioni inahitaji sweta. Kuanzia Oktoba mambo hugeuka: Kitale hushikwa na mavuno, trekta na malori hupanga foleni, kila mtu anazungumza unyevu wa nafaka na bei ya gunia, na mkulima aliyemaliza kuuza ana kila sababu ya kushuka Bungoma kwa siku mbili akale kuku ambaye hakumchinja mwenyewe. Desemba sina la kumshauri yeyote. Mwezi huo magharibi yote hurudi nyumbani, nauli hupanda, na shangazi tayari ameshapiga simu.